Nafasi Sitini na Moja za Vijijini

Ripoti ilibandikwa Jumatano asubuhi penye ngazi, mahali ambapo mwalimu Kulthum hawezi kupita bila kuiona, tena ilikuwa ya rangi. Hilo la rangi lilimuudhi kabla hajasoma neno. Shule yake haikuwa na wino hata mweusi. Mtihani wa muhula uliopita aliuandika ubaoni swali baada ya swali mpaka mkono ukafa ganzi, kwa sababu mashine ya kuchapisha ilikauka tangu Februari. Na hapa palikuwa na karatasi tatu zinazong'aa, zenye nguzo ndefu za buluu na nguzo fupi za kijivu. Nguzo za buluu zilikuwa za shule ya juu, na za kijivu zilikuwa za shule yake.

Mgeni lazima aelezwe, maana jambo lenyewe halina akili. Jengo la Shule ya Kisimani ni moja, la serikali, lenye ghorofa moja juu. Miaka mitano nyuma ilikuja taasisi kutoka Nairobi na mkataba mkononi: serikali iendelee kulipa walimu, taasisi iendeshe shule kwa njia yake yenyewe, wazazi wasitozwe kitu. Ikapewa ghorofa ya juu, kwenye upepo. Wakapaka rangi, wakaweka viti vilivyobandikwa majina ya watoto mmoja mmoja, na katikati ya ngazi wakatia mlango wa chuma. Tangu siku hiyo mji mzima husema "shule ya juu" na "shule ya chini", na hakuna anayeona haya kuyasema hayo mbele ya watoto.

Kulthum alikuwa mwalimu wa Gredi ya Tisa ya chini, mwaka wa kumi na saba sasa. Akasoma ripoti yote huku amesimama, mkoba begani. Shule ya juu ilikuwa na wanafunzi mia na kumi, na kati yao sitini na mmoja walikuwa watoto wa vijijini: Pate, Chundwa, Kizingitini, Mkokoni. Hizo zilikuwa nafasi zilizotengwa kwenye mkataba kwa ajili ya watoto wanaotoka mbali na wasio na kitu. Mwisho kabisa, kwa herufi nene, ilikuwa imeandikwa: "Watoto ni wale wale. Tofauti ni ufundishaji." Na chini yake, kwa herufi za kawaida, pendekezo kwamba ghorofa ya chini nayo ikabidhiwe taasisi kuanzia Januari, na kila mtoto afanyiwe usaili upya. Watakaoshindwa "watasaidiwa kupata shule nyingine".

Shule nyingine ipi? Kulthum aliiuliza karatasi hiyo kwa sauti, na watoto wawili wa Gredi ya Saba waliokuwa wakipita wakaharakisha mwendo. Pale chini shule nzima ilikuwa na watoto mia mbili na kumi na wanne. Walikuwa watoto wa wapagazi wa gatini, wa wauza samaki, wa akina mama wanaofua nguo za watu. Wengi wa kutoka vijijini walilala kwa shangazi na wajomba, sita kwenye chumba kimoja. Ukiwaambia watafute shule nyingine, umewaambia warudi kwao wakae.

Akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Aqil, mtu mpole aliyebakisha miezi minane astaafu na aliyekuwa akiihesabu.

"Umeiona?" Kulthum akamuuliza.

"Nimeiona. Mkutano ni Jumamosi. Afisa wa elimu takuya, na Bi Kagendo wa taasisi takuya."

"Wanasema watoto ni wale wale."

"Waate waseme, Bi Kulthum. Zile ni takwimu. Sisi tutawajibu kwa nini, kwa mdomo?"

"Kwa ukweli."

Bwana Aqil akavua miwani akaipangusa kwa kanzu, kazi aliyoifanya kila alipotaka mtu aondoke. Kulthum akaondoka. Lakini hakwenda darasani. Alirudi penye ngazi, kwa kuwa karatasi ya tatu hakuwa ameisoma sawasawa. Alikuwa ameona orodha ya majina na hasira ikamziba macho. Sasa akaisoma. Ilikuwa orodha ya hao sitini na mmoja, jina la mtoto na kijiji chake, imewekwa pale kwa fahari.

Amjad Hamdun, Chundwa. Kulthum akacheka peke yake, kicheko kibaya. Baba yake Amjad, Bwana Hamdun, ana nyumba tatu za kupangisha wageni pale mbele ya bahari, na ndiye mwenyekiti wa wazazi. Mpaka majuzi mtu akimwambia Hamdun kwamba ana damu ya Chundwa angempeleka kwa kadhi. Fairuz Bakr, Pate. Fairuz anakaa nyumba ya nne kutoka kwa Kulthum, na baba yake ni mwenye duka la dhahabu. Akashuka na orodha, jina kwa jina. Huyu wa mtaa wa juu, huyu wa karibu na Msikiti wa Ijumaa, huyu mama yake ni daktari. Kwa hesabu yake, waliokuja na boti kweli kutoka kijijini hawakufika kumi.

Ilikuwa hivi. Mkataba haukusema mtoto awe anaishi kijijini. Ulitaka barua ya wazee wawili wa ukoo, waseme mtoto huyu ni wa kijiji fulani. Na familia za mji mkongwe, hapa Lamu, hazina upungufu wa ukoo. Muulize mtu yeyote wa nyumba kubwa ni mtu wa wapi, atakutajia babu wa saba na mji aliotoka, na atakuonyesha mahali ukuta wa nyumba yao ulipobaki, umeota mbuyu. Barua zile ziliandikwa bila mtu kuapa kwa uwongo hata mara moja. Wazee walitia sahihi na kumshukuru Mungu kwamba nasaba ingali na faida.

Jina la kumi na tisa lilikuwa Ruba Twahir, Pate.

Ruba ni binti yake. Kulthum alijua kwamba jina lingekuwapo; barua ile mwenyewe aliibeba, ndani ya mkoba huu huu, Januari ya mwaka jana, nafasi moja ilipotokea Gredi ya Nane. Mumewe Twahir ndiye aliyewaona wazee. Yeye alijiambia kwamba mwalimu anayejua hali ya shule ya chini ana haki ya kumwokoa mwanawe, na kwamba babu yake Twahir kweli amezikwa Pate. Aliyasema hayo moyoni mara nyingi, na kila mara yalitosha. Siku hiyo, mbele ya karatasi ya rangi iliyosema kwamba Ruba wake ni mtoto maskini wa kijijini aliyeokolewa na ufundishaji bora, hayakutosha. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Ijumaa baada ya sala walikaa kula, Kulthum, Twahir na Ruba. Twahir ni fundi wa milango ya nakshi na karakana yake iko sebuleni chini, kwa hiyo hata wali wa Ijumaa huliwa na harufu ya mvule. Kulthum akangoja wamalize, kisha akasema kesho atasimama mkutanoni.

"Useme nini?" Twahir akauliza.

"Niseme ile orodha si ya watoto wa vijijini. Nianze na huyu."

Twahir akaweka kikombe chini taratibu. "Urongo uko wapi? Babu yangu hakuzikwa Pate? Nimesema mimi ni mtu wa Pate, na ni mtu wa Pate, nti yote yaijua."

"Ruba amelala Pate siku ngapi?"

"Hilo hawakuliuliza."

"Basi mimi nitalijibu."

"Wataka kumharibia mwanao ndia," Twahir akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya hofu. "Mtihani uko mbele. Huyu tashushwa. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya zile karatasi za ngazini?"

Neno hilo, kushushwa, ndilo neno la shule ile. Kila mwisho wa mwaka shule ya juu hutoa mtihani wake, na wanaopata chini ya alama zilizowekwa hupewa barua, hufunguliwa mlango wa chuma, na hushuka ngazi na mikoba yao kuja kuandikishwa kwa mtihani wa taifa chini. Wakifeli, wamefeli kwenye nguzo za kijivu. Kati ya watoto hamsini na wanane wa Kulthum, kumi na mmoja walikuwa wameshuka ngazi hizo, na ripoti haikuwa na hata mstari mmoja juu yao.

Ruba, msichana wa miaka kumi na minne aliyezoea kunyamaza wazazi wakisemezana, akasema, "Mama, Sumeiya yuko darasani kwako, siyo?"

"Yuko. Kwa nini?"

"Kiti changu kilikuwa chake. Karatasi ya jina langu imeanza kubanduka, na chini yake pana lake. Sumeiya Zaki, Kizingitini." Akakusanya punje za wali kwa kidole. "Walimshusha yeye ndiyo nikaingia mimi. Nilidhani wajua."

Kulthum hakujua. Alijua nafasi ilitokea. Hakuuliza imetokeaje. Sumeiya alikaa dawati la tatu, karibu na dirisha. Alilala kwa shangazi yake, Bi Radhiya, akiamka kabla ya alfajiri kumsaidia kukaanga mahamri ya kuuza, na alikuja shuleni mikono ikinukia iliki. Hesabu alikuwa hodari. Kiingereza kilimshinda mwaka ule wa kwanza, na huko juu kila kitu ni Kiingereza. Mwaka mmoja tu wa subira angekishika, maana sasa ameshakishika, chini, bila kitabu, kwa kuazima cha Kulthum.

Twahir akainuka akaenda kwenye mlango aliokuwa akiuchonga, akashika patasi. Akasema bila kugeuka, "Nami nilidhani ile nafasi ilikuwa tupu."

Jumamosi ukumbi ulijaa, na waliojaa walikuwa wazazi wa juu. Tangazo lilikuwa limetumwa kwenye simu Alhamisi jioni, kwenye kundi ambalo wazazi wa vijijini hawamo. Wanaume wa kanzu zilizopigwa pasi walikaa safu za mbele na Bwana Hamdun katikati yao. Nyuma kabisa, kwenye benchi karibu na mlango, alikaa Bi Radhiya na beseni lake tupu la mahamri miguuni, kwa sababu Kulthum alimpitia asubuhi na kumwambia aje.

Bi Kagendo wa taasisi alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu, na kilichomuudhi Kulthum zaidi ni kwamba aliamini kila alichokisema. Alionyesha zile nguzo ukutani kwa mashine. Akasema wao hawachagui watoto. Zaidi ya nusu wanatoka vijiji vya mbali, kwenye hali ngumu sana, na bado wanashinda. "Kwa hivyo hatuwezi kuendelea kusema shida ni umaskini," akasema. "Data inaonyesha shida ni matarajio ya walimu."

Bwana Hamdun akaomba kusema kabla hajapewa nafasi. "Mimi nasema kweli, hawa walimu wa tini wamelala. Watoto ni hawa hawa wetu. Kama yuu yawezekana, tini haiwezekani kwa nini?"

Bwana Aqil akapangusa miwani yake. Afisa wa elimu, Bwana Kiptoo, akaandika kitu. Kulthum akasimama. 

"Naitwa Kulthum. Nafundisha chini. Sitataja mtoto wa mtu hapa, nitataja wangu. Ruba Twahir, jina la kumi na tisa, ameandikwa mtoto wa Pate. Amezaliwa hospitali ya hapa. Amelelewa Langoni, mtaa wa hapa hapa mjini, kwenye nyumba yenye kisima, umeme na mama mwalimu. Pate amekwenda mara mbili, harusini, na mara zote mbili akarudi siku hiyo hiyo. Barua yake niliileta mimi kwa mkono wangu. Nilifanya vibaya, na namuomba radhi mtoto ambaye kiti hicho kilikuwa chake."

Akamgeukia Bi Kagendo.

"Bi Kagendo, wewe ni mgeni, sikulaumu kwa hilo. Lakini umesema watoto ni wale wale. Hawa wa juu wana babu wa Pate. Wangu wa chini wana shangazi wa kuwapa sakafu ya kulala. Na wale wachache wa vijijini mliowachukua kweli, wakichelewa kidogo mmewashusha kwangu, kisha mkanihesabia mimi. Mmepepeta mchele, mkaniletea pumba, na sasa mnanionyesha picha za rangi kwamba sijui kupika." Akapumua. "Naomba kila mzazi aliyetumia nafasi ya kijijini, na mtoto wake huamka kila siku hapa mjini, asimame kama nilivyosimama mimi."

Alisubiri. Aliwafahamu wote, alikula harusi zao na kuwafundisha wadogo zao. Mama daktari akatazama pete zake. Bakr wa dukani akainama kutafuta kiatu ambacho hakikupotea. Bwana Hamdun akatoa simu.

"Bi Kulthum, watuvundia heshima," akasema Hamdun bila kuinua macho. "Nasaba ni nasaba. Mimi asili yangu ni Chundwa, na sioni haya."

Sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango. "Alhamdulillahi," akasema Bi Radhiya. "Mimi ni wa Kizingitini, na Chundwa hupita kila nikenda kwetu. Bwana Hamdun, nyumba yako iko mtaa gani, nipite niwasalimu watu wako?"

Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha. Hamdun akafungua mdomo akataja msikiti. Bi Radhiya akamwambia kwa upole kwamba msikiti huo uko Faza, si Chundwa. Bi Kagendo alikuwa akipekua karatasi zake, uso umebadilika. Bwana Kiptoo akagonga meza kwa kalamu. Akasema makabidhiano ya ghorofa ya chini yanasimamishwa kwa muhula mmoja mpaka nafasi zote zihakikiwe. Bi Radhiya akabeba beseni lake akatoka. Kulthum akaketi, na alipoketi ndipo alipoanza kulia, kidogo, akijifuta kwa ncha ya mtandio.

Barua ya kwanza ilifika Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, nayo ilimhusu Ruba. Mzazi amekiri mwenyewe, ilisema, kwa hiyo nafasi inafutwa mara moja. Kwa wengine uhakiki utafanywa kwa barua mpya za wazee wawili wa ukoo. Kulthum akaisoma hapo hapo penye ngazi. Barua za wazee wale wale. Alitamani kuipasua, akakumbuka kwamba karatasi hii ni ushahidi, akaikunja akaitia mkobani. Kesho yake angeiandikia wizara, na keshokutwa tena, na kama ni lazima angekwenda Mombasa mwenyewe.

Mlango wa chuma ukafunguliwa. Ruba akashuka na mkoba wake, peke yake, mbele ya shule mbili zilizosimama kumtazama. Kiti chake kilibaki juu. Hakulia, wala hakumtazama mama yake. Alipita penye orodha ya rangi ambayo hakuna aliyeibandua, akaingia darasa la Gredi ya Tisa, akasimama pale mbele hajui pa kukaa. Sumeiya akasogea kwenye dawati la tatu. Walikuwa watatu tayari, wakawa wanne.

Jumatano orodha mpya ilibandikwa. Kulthum aliisoma kwa kidole. Jina la kumi na tisa sasa lilikuwa la mtoto wa ndugu yake Hamdun, ameandikwa wa Pate, na jumla chini ilikuwa ile ile, sitini na mmoja.

Akaingia darasani, akafungua daftari la mahudhurio. Mstari wa mwisho alikuwa ameuandika Jumatatu kwa wino, jina, na kwenye sehemu ya kijiji, Langoni. Akaita majina hamsini na wanane. Kisha akaita la hamsini na tisa.

"Ruba Twahir."

"Nipo, mwalimu," akasema binti yake.